Kifurushi Kilichotazama Ukuta

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Tanita alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda shule. Alifungua boneti la gari la familia, akapima oili, akaongeza maji kwenye rejeta, akayakandamiza matairi kwa kisigino, kisha akahakikisha matairi mawili ya akiba yamefungwa vizuri juu ya paa. Gari lilikuwa kubwa na la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na rangi yake nyeupe ilikwisha kugeuka nyekundu kwa vumbi la jangwani. Siku hizo tatu ndipo lilipompeleka Bibi Dulcie kliniki ya Yaltara, kilomita sabini na tano, kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo za bibi zilikuwa zimekufa tangu miaka minne iliyopita. Akikosa siku moja alivimba miguu, akikosa mbili alikosa pumzi. Hapa kijijini kwetu Mulyati hesabu hiyo hata watoto wa chekechea wanaijua.

Dereva alikuwa Mjomba Selwyn, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Akishika usukani huuliza swali lilelile kila siku: "Tanita, liko sawa?"

"Liko sawa, mjomba."

Basi wanaondoka, na Tanita anachukua begi lake la shule.

Barabara ya Yaltara ni ya udongo, na upepo na magari vimeifanya iwe na mawimbi madogomadogo kama bati la paa. Ukienda polepole, meno yanagongana kinywani. Kwa hiyo madereva wetu wote wana desturi moja: wanakanyaga mafuta mpaka kilomita themanini kwa saa, ili matairi yaruke juu ya mawimbi bila kuingia mabondeni. Hapo gari linatulia kabisa. Linatulia kiasi kwamba ugonjwa wowote uliomo chini yake hausikiki tena, na dereva anajisifu kuwa gari lake ni zima.

Gari hili lilikuwa na ugonjwa, na Tanita aliujua.

Alifundishwa na babu yake, mume wa Bibi Dulcie. Mwaka uliopita walikuwa wakila kangaruu aliyechomwa shimoni, babu akachukua mfupa wa paja, akauchomeka tena kwenye tundu la nyonga na kuuzungusha. "Unaona? Mpira ndani ya kikombe. Ndiyo maana kangaruu anakunja mguu anavyotaka." Kisha alimwita chini ya gari, akamwonyesha boljointi, kile kiungo cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele ili liweze kupanda, kushuka na kukata kona. Ni mpira ndani ya kikombe vilevile, umefunikwa kwa raba ili grisi isitoke na mchanga usiingie.

"Sasa tazama hii ya kushoto," alisema babu. Raba ilikuwa imechanika, na ndani hamkuwa na grisi, bali vumbi jekundu tupu. Aliinua gari kwa jeki iliyowekwa chini ya kono la gurudumu, yaani mkono wa chuma unaolibeba, akatia mtaimbo chini ya tairi, akalisukuma juu. Gurudumu lilicheza, tok, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. "Kikombe kimeliwa. Siku kikiachia, gurudumu linalala ubavu. Nimeagiza mpya mjini, mbili, kushoto na kulia. Zikifika tutafunga mimi na wewe."

Wiki iliyofuata babu alifariki kwa ugonjwa wa moyo, mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Kwetu mtu akifariki, jina lake linaachwa lipumzike. Halitajwi, maana kulitaja ni kuwatonesha waliofiwa. Hata mtu mwingine mwenye jina hilohilo hupewa jina la kuazima. Nguo za marehemu zinagawiwa mbali, na gari lake linawekwa kando. Gari la babu lilikaa miezi saba chini ya miti nyuma ya nyumba, hakuna aliyeligusa, na bibi akawa anapelekwa kliniki kwa magari ya kuazima. Kisha wazee walilifukizia moshi wa majani mabichi, ndani na nje, likarudishwa kazini kwa sababu ya bibi. Lilisafishwa huzuni, ila boljointi haiponi kwa moshi.

Vyuma vipya vilikuwa vimefika. Kila mtu kijijini alijua kuna kifurushi, na hakuna aliyekitaja. Kifurushi kilikuja kwa lori la bidhaa siku kumi baada ya mazishi. Bwana Graham, mwenye duka, alikuwa mgeni wa mwezi mmoja tu Mulyati, akasimama kaunta na kulisoma jina lililoandikwa juu yake kwa sauti. Dada yake bibi aliacha mkate wake palepale, akatoka nje akilia, na watu wakamfuata mmojammoja. Bwana Graham alipoelezwa alitahayari sana. Alikipandisha kifurushi rafu ya juu kabisa na kukigeuza, jina likatazama ukuta. Hapo kilikaa, na Tanita alikiona kila alipotumwa majani ya chai.

Wiki ya pili tangu gari lirudi kazini, Tanita alisikia tok lilipokuwa linakata kona polepole kutoka uani. Jioni alimfuata Mjomba Selwyn, aliyekuwa akiwawekea mbwa maji.

"Mjomba, lile gurudumu la mbele. Babu alisema..."

Mjomba aliweka ndoo chini. "Usimtaje."

"Sijataja jina, mjomba. Nasema tu kwamba..."

"Nimesema usimtaje, Tanita. Miezi mingapi tangu tumzike? Huoni bibi yako yuko hapo mlangoni?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeguswa kidonda, na hilo lilimtisha Tanita zaidi.

Jarrod, mtoto wa mjomba, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa kumtosha, alicheka pembeni. "Fundi wetu wa darasa la sita huyo. Gari linaenda themanini bila kelele, yeye analisikia linaumwa. Au linakunong'oneza wewe peke yako?"

Watoto wengine wakacheka. Tanita aliona aibu, akaenda zake kulala na kujiambia kwamba si kazi yake.

Ijumaa asubuhi moyo ulimsuta. Aliamka mapema kuliko kawaida, akaweka jeki chini ya kono, akatia mtaimbo chini ya tairi kama alivyofundishwa. Gurudumu lilipanda na kushuka zaidi ya unene wa kidole chake. Tairi lenyewe lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Tanita alikaa chini mchangani. Alijua sasa, wala hakuweza kusema hajui.

Alishusha jeki aliposikia mlango ukifunguliwa. Mjomba alimshika bibi mkono, akampandisha kiti cha mbele na kumfunga mkanda. Bibi alikuwa amevaa kofia yake ya sufu ya kijani, maana kliniki kuna baridi.

"Tanita, liko sawa?"

Alikuwa na neno la kusema. Lakini kulisema kungetaka alitaje lile fundisho, na fundisho lingemtaja babu, na bibi alikuwa amekaa pale pale akimtazama kwa dirisha.

"Liko sawa, mjomba."

Bibi alimpungia mkono, na gari likaondoka.

Saa sita mchana, mwalimu aliitwa kwenye simu. Alirudi darasani uso umebadilika, akamwita Tanita na Jarrod nje. Gari la bibi lilikuwa limeanguka penye korongo, kilomita arobaini kutoka kijijini. Mjomba alikuwa anakwenda themanini. Alipofunga breki kuteremka korongoni, gurudumu la kushoto lilijikunja chini ya gari, likachimba mchanga, na gari likalala ubavu. Walikaa pale saa tatu na nusu, joto la nyuzi arobaini na tatu, kabla ya dereva wa greda la kusawazisha barabara kuwaona. Mjomba alikuwa amevunjika mkono na mfupa wa bega, na bado aliweza kumtoa bibi kwa dirisha la nyuma na kumlaza kivulini. Bibi hakuvunjika kitu. Ila siku ya mashine ilikuwa imempita, na kwa mshtuko na joto lile mapafu yake yalianza kujaa maji. Ndege ya wagonjwa ilimchukua jioni kwenda hospitali ya mjini, akiwa hajitambui.

Usiku ule Tanita hakula. Nasema kweli, hakuna adhabu ambayo mtu mzima angempa ingefika nusu ya ile aliyojipa mwenyewe.

Jumapili lori lilileta gari, likalishusha uani kama mnyama aliyepigwa. Mama mdogo Roslyn, mdogo wake mama yake Tanita, alikuja kutoka Yaltara, ambako anatengeneza magari ya walinzi wa hifadhi. Ni mwanamke mnene, ana makovu ya moto wa kuchomelea mikononi, na akifanya kazi hataki mzaha. Alipiga magoti mbele ya gurudumu lililokunjika. Watu walikusanyika.

"Hii haikuanza jana," alisema. Alichomoa mpira wa boljointi kutoka kikombe chake kwa vidole viwili, bila kutumia spana, akawaonyesha. Ulikuwa mwekundu kwa kutu na umelika kuwa na umbo la yai. "Hii ina miezi. Nani alikuwa anakagua?"

Tanita alisogea mbele.

"Mimi, mama mdogo."

"Uliiona?"

"Niliiona. Ijumaa asubuhi nilitia mtaimbo. Lilicheza hivi." Alionyesha kwa kidole. "Mjomba akaniuliza liko sawa, nikasema liko sawa."

Jarrod alimgeukia. "Ulijua? Baba yangu amelala na vyuma begani, nawe ulijua?" Hakungoja jibu. Alipiga teke kopo la oili, akaenda zake.

Tanita alilia. Roslyn hakumnyamazisha. Alingoja mpaka watu wakatawanyika, ndipo akasema, "Sitakuambia si kitu, mwanangu. Ni kitu. Mama yangu yuko hospitalini na sijui kama atarudi. Lakini umesema mbele ya watu bila kuvutwa. Sasa maliza. Kwa nini ulinyamaza?"

Tanita alieleza yote: mfupa wa kangaruu, mtaimbo, mjomba na ndoo, kifurushi kilichotazama ukuta. Jina hakulitaja. Roslyn alisikiliza akiwa ameshika kile chuma kibovu. Naye alikuwa amefiwa na baba, tusisahau. Alikaa chini mchangani, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Vimekaa dukani miezi yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Na wote tunapita hapo kununua mkate." Alisimama. "Twende."

Bwana Graham alipanda ngazi, akakishusha kifurushi kwa mikono miwili, maandishi yakielekea chini. "Nilitaka kukirudisha mjini," alisema taratibu. "Sikujua nimwulize nani, dada. Niliogopa kukosea tena."

"Wote tuliogopa," Roslyn alisema. Alitoa mfukoni utepe mweusi wa gundi wa kufungia nyaya, akabandika kipande juu ya jina bila kulitazama, halafu kipande cha pili juu ya cha kwanza. Kisha akampa Tanita abebe.

Kazi ilichukua siku tatu. Kono la chini la kushoto lilikuwa limepinda, halifai. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna makaburi ya magari, mizoga ya kila aina iliyolala mchangani, na kwetu hapo ndipo duka la spea lilipo. Walipata gari la aina ileile. Roslyn alimfundisha Tanita kuchagua kono: kuchungulia raba za bushi kwenye maungio yake kama zimepasuka, kuchomeka bisibisi na kulitikisa. La kwanza bushi zilikuwa zimeliwa. La pili lilikuwa zima, wakalifungua na kulibeba kwa toroli. Mpira wa breki, badala ya ule uliokatika, na kikombe cha taa vilitoka kwenye mzoga huohuo.

Kufungua boljointi ya kulia, iliyokuwa bado inashikilia, kulimpa Tanita malengelenge. Unachomoa pini iliyopinda, unalegeza nati bila kuitoa yote, halafu unagonga nyundo ubavuni mwa chuma kilichoishika, si juu ya nati, mpaka inaachia kwa mshindo. Kisha zinabaki bolti nne.

"Kwa nini tunatoa na ya kulia, mama mdogo? Haichezi sana."

"Zilizaliwa siku moja na zimekula vumbi moja. Ukimzika mmoja, mwangalie mwenzake."

Siku ya tatu, wakati wa kufunga nati za mwisho, pini moja mpya haikuonekana. Waliitafuta mchangani mpaka Roslyn akaanza kunung'unika. Mkono ulinyooshwa juu ya bega la Tanita, una pini. Alikuwa Jarrod. "Ilikuwa chini ya jeki," alisema, akitazama pembeni. Akabaki kushika taa hadi mwisho, ingawa hakuongea naye.

Bibi Dulcie alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amepungua mpaka kofia ya kijani ilimfunika nyusi, na alitembea kwa kushikwa pande mbili. Tanita hakungoja aambiwe na mtu. Alikaa miguuni pake, Mjomba Selwyn akiwa pembeni, akamwambia: niliona, nikasema uongo.

Bibi alimwekea mkono kichwani, mkono mwepesi kama jani.

"Mjukuu wangu, niliishi na yule mzee miaka arobaini na sita," alisema. "Kama kuna mtu wa kuumia akitajwa, ni mimi. Tunaliacha jina lake lipumzike ili sisi tuliobaki tupone. Hatuliachi ili tufe. Siku ile hukuhitaji jina la mtu. Ungesema, mjomba, gurudumu la kushoto linacheza. Basi. Gurudumu halina msiba."

"Niliogopa utalia, bibi."

"Ningelia. Nimelia mara nyingi, na bado niko hapa." Alivuta pumzi, maana maneno mengi yalimchosha. "Na wewe Selwyn, usitazame chini. Mtoto alikuja kwako na neno, ukamfunga mdomo kabla hujalisikia. Mtu anayeleta habari ya hatari asikilizwe kwanza, akemewe baadaye. Na wewe Tanita, ukiulizwa swali, jibu kile ulichokiona kwa macho yako, hata kama kila mtu pale anataka jibu jingine. Watu wanapanda gari kwa neno lako."

Mjomba Selwyn, mkono umefungwa kifuani, alisema polepole, "Nimekosa, mama."

Jumatatu asubuhi Tanita alikuwa chini ya gari kabla jua halijatoka vizuri. Roslyn ndiye aliyekuwa dereva sasa, na alikuwa ameapa kutozidi sitini, meno yagongane yanavyotaka. Mjomba alimsaidia bibi kupanda kwa mkono wake mmoja mzima, kisha akainama dirishani.

"Tanita, liko sawa?"

Tanita alitambaa nje, akajikung'uta vumbi magotini. "Oili sawa, maji sawa. Gurudumu la kushoto halichezi, la kulia halichezi, na nati zote nimezigusa. Ila tairodi ya kulia, kile chuma cha usukani, raba yake imeanza kupasuka. Bado haijalegea. Leo inaweza kwenda na kurudi, lakini tuagize nyingine sasa, tusingoje."

Mjomba alizunguka, akapiga magoti kwa shida, akachungulia mwenyewe. Alipoinuka, alitoa kalamu na fomu ya duka kutoka mfuko wa shati, akamkabidhi.

"Agiza," alisema. "Andika jina lako, ili kifurushi kikifika wakuite wewe."

Tanita aliiweka fomu juu ya boneti, akaliandika jina lake lote kwa herufi kubwa.